Kaa Kimya, Gemu Iongee

Ngoja niwachane ukweli kuhusu haya mashindano ya kutengeneza gemu. Yale ya kwenye kumbi za mjini, yenye bango kubwa nyuma na chupa za maji mezani, mara nyingi anayebeba hela siyo mwenye gemu kali. Ni mwenye mdomo. Unapanda jukwaani, unapewa dakika zako chache, unapiga saundi: tatizo la jamii ni hili, suluhisho langu ndo hili, mkwanja utaingia kwa njia hii. Majaji wanatikisa vichwa, wanajaza karatasi. Simu yenye gemu yenyewe iko mfukoni kwa mshiriki. Hakuna jaji aliyeigusa hata kwa bahati mbaya.

Huku Mara huo mchezo usingepita. Nenda mnadani uone watu wazima wanavyonunua dume. Mwenye ng'ombe atachonga weee, ooh huyu mama yake alikuwa anatoa maziwa ndoo mbili, ooh huyu kakulia majani ya mto Mara. Mnunuzi hana habari naye. Anashika nundu, anafungua mdomo anaangalia meno, anampiga kofi la kiunoni aone anavyotembea. Bei inatoka kwenye mkono wake, haitoki kwenye stori. Gemu nayo inataka hivyo hivyo: jaji aishike, mwenye nayo asimame pembeni, afunge bakuli lake.

Nimeanza kufuatilia hizi ishu kwa sababu madogo wa hapa Nyambureti wameshaanza kusanuka. Zamani gemu ilikuwa kitu cha kulipia kwenye kibanda cha PlayStation, unakaa foleni kama unasubiri sindano, unapigwa goli tano, unaondoka umenuna. Sasa hivi dogo anakuuliza, hivi hii kitu inatengenezwaje? Na jibu lipo. Godot ni ya bure na ina toleo linalokaa ndani ya simu ya Android, huhitaji hata laptopu. Scratch nayo ni bure, unaunga vipande kama matofali. Yaani kutengeneza siyo tena uchawi. Ngori inakuja pale mbogi nzima ikishatengeneza: nani kamzidi nani? Nani aseme? Na aseme kwa kigezo gani?

Tuanze na Ludum Dare, maana hao ndo wazee wa hizi kazi. Walianza mwaka 2002, mtandaoni, kawatu kachache tu. Mada inapigiwa kura, ikishatangazwa saa inaanza kula. Ukiingia kundi la wabishi una saa 48, uko peke yako, na kila kitu unakichonga mwenyewe: picha, milio, programu, yote. Kundi lingine linaruhusu timu na lina saa 72. Mwezi wa saba 2017 mada ilikuwa kuishiwa umeme. Nilipoisoma nilicheka peke yangu kama chizi. Mada kama hiyo sisi huku tungeiandikia gemu tumefumba macho, na tungekosa tu chaji ya kuimalizia.

Sasa upande wa hukumu, Ludum Dare hawana bosi wa kukaa meza kuu. Waliotengeneza ndo wanaohukumiana. Unacheza gemu ya mwenzako, unampa nyota kuanzia 1 mpaka 5, kwenye vipengele vinane: kwa ujumla, raha, upya wa wazo, ilivyoshika mada, picha, sauti, ucheshi na mudi. Namkubali kinoma aliyeamua ucheshi upewe sahani yake. Maana kuna gemu sura yake ni kituko, mchoro kama umechorwa na mkaa ukutani, lakini inakuvunja mbavu mpaka unaomba maji. Ukiipima kwa picha umeiua. Ukiipa mlango wake wa ucheshi, inaingia kifua mbele. Na kama hukuchora picha mwenyewe kwenye lile kundi la timu, unajitoa kwenye kipengele cha picha, basi, hakuna kuzinguana.

Kuna kibano kingine hapo. Gemu isipofikisha kura 20 haipewi nafasi kwenye orodha. Na kura haziji kwa kuomba omba kwenye magrupu ya WhatsApp. Zinakuja kwa kucheza gemu za wenzako: ukiwachezea na kuwapigia kura, mfumo unaisogeza yako mbele ionekane. Ukikausha, unajifanya staa, gemu yako inakaa chini kule ambako hata nzi hafiki. Nipe nikupe, lakini ya halali. Kwangu hii ndo akili kubwa kuliko hata zile nyota, kwa sababu inamlazimisha kila mtengenezaji awe mchezaji. Ukishacheza gemu 20 za watu waliokesha kama wewe, utarudi kwenye yako na macho mengine kabisa. Utaona mwenyewe ule mlango ambao hakuna mtu anayeuona.

Tatizo la kura ni lilelile la uchaguzi wa kiranja. Mtu ana ndugu. Wana wa itch.io, ule mtandao ambao mashindano kibao yanafanyikia, walishaliona, wakatafuta dawa ya hesabu. Sikia hii, usiogope, ni hesabu ya sekondari tu. Wanapanga gemu zote kwa idadi ya kura, wanaangalia ile iliyo katikati ya foleni ina kura ngapi. Tuseme 16. Haya, mchizi wako kapata kura 4 tu, zote za nyota 5: kampigia kaka yake, demu wake, na wana wawili wa geto. Mfumo unachukua 4 unagawa kwa 16, unapata robo. Kipeuo cha pili cha robo ni nusu. Ule wastani wake wa 5 unazidishwa kwa nusu, anabaki na 2.5. Msee mwingine hana ukoo mkubwa ila gemu yake imechezwa na watu 16 wasiomjua, wastani 4. Huyo hakatwi hata senti, anabaki na 4 yake safi. Mchizi wako anamaindi, anasema kaibiwa. Hajaibiwa. Kaambiwa tu kwamba shangwe za nyumbani kwao hazijazi uwanja.

Mfumo huohuo ndo unaotumika kwenye shindano la GMTK, la yule Muingereza Mark Brown mwenye chaneli ya YouTube ya kuchambua gemu. Alianza 2017, na siku hizi zinaingia gemu kwa maelfu kwa mkupuo mmoja. Washiriki wanapigiana kura kwanza, zile zilizopanda juu anazicheza mwenyewe na kuchagua za kuonyesha kwenye video yake. Ukiniuliza mimi, huo mchanganyiko umekaa fresh: umati unachuja makapi, halafu jicho moja lenye uzoefu linachagua. Umati peke yake unapenda vitu vinavyoeleweka chap. Jicho moja peke yake lina upendeleo wake.

Mwaka huohuo wa 2017, kule Denmark kwenye Nordic Game Jam, ilishinda gemu moja ya Mfini anaitwa Arvi Teikari. Inaitwa Baba Is You. Picha zake ni za kitoto kabisa, vikatuni vya rangi mbili tatu kwenye giza. Kinachofanya iwe noma ni kwamba sheria za gemu zimeandikwa kwa maneno pale pale uwanjani, na maneno hayo unaweza kuyasukuma. Ukuta unakuzuia? Sukuma neno, vunja sentensi, ukuta unaacha kuwa ukuta. Sasa niambie, huyo jamaa angepanda kwenye lile jukwaa la chupa za maji angesema nini? "Waheshimiwa majaji, katika gemu yangu unasukuma maneno." Wangemuuliza hela inaingia wapi, angekaa chini. Lakini mpe mtu acheze dakika mbili, utaona anainua nyusi, anasogea karibu na kioo, na kukunyang'anya simu anakunyang'anya. Ilikuja kutoka rasmi 2019 na ikaenda dunia nzima. Pale walimpa ushindi kwa sababu waliicheza.

Kuna na wale wa Global Game Jam, walioanza 2009. Hao hawatoi mshindi kabisa. Mnakutana vituo mbalimbali duniani, mnatengeneza, mnaonyeshana, mnarudi makwao. Heshima kwao, ila mimi mtoto wa Mara, bila ligi sinogewi.

Haya, sasa nije kwenye lile ambalo nawashangaa Wabongo wenzangu kwa kutolipigia kelele. Shindano kubwa kishenzi la programu za kujifunza kwa kucheza lilihukumiwa hapahapa Tanzania. Siyo California. Tanga. Linaitwa Global Learning XPRIZE, lilitangazwa 2014, mzigo mezani ulikuwa dola milioni 15, sehemu kubwa ya hiyo hela ikitoka kwa Elon Musk. Kazi ilikuwa hivi: tengeneza programu ya kwenye tableti itakayomfundisha mtoto kusoma, kuandika na kuhesabu, yeye mwenyewe, bila mwalimu kumsimamia. Ziliingia timu karibu 200 kutoka kila pembe ya dunia. Zikachujwa zikabaki tano, kila moja ikapewa dola milioni 1 kwa kufika fainali. Hapo bado jopo la wataalamu ndo lilikuwa linasoma na kuchagua. Kawaida tu.

Fainali ndo ilikuwa ya kibabe. Zile programu tano zikawekwa kwenye tableti zilizotolewa na Google, zikapelekwa vijiji 170 vya mkoa wa Tanga, kwa watoto karibu 3,000. UNESCO, Shirika la Chakula Duniani na serikali yetu wakashika upande wa kusambaza na kupima. Chaji ilikuwa ya sola, vituo vikajengwa vijijini hukohuko. Wengi wa watoto hao walikuwa hawajawahi kukanyaga shule, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Wakapimwa mwanzoni, wakaachiwa tableti kuanzia mwisho wa 2017, wakapimwa tena baada ya miezi 15. Timu ambayo watoto wake wamepanda zaidi ndo inabeba.

Ona hilo jopo la majaji lilivyo. Halina suti. Halijasoma maelezo ya mradi. Halijui mtengenezaji katokea Korea au India. Limekaa chini ya mwembe, lina miaka saba mpaka kumi na moja, na likiboeka linatupa tableti pembeni linaenda kuogelea. Huwezi kulipigia saundi. Huwezi kuliambia subiri kidogo, raundi ya nne ndo inanoga. Mtengenezaji yuko maelfu ya kilomita, mdomo wake hausaidii kitu. Kilichobaki ni gemu na kidole cha mtoto.

Mwezi wa tano 2019 matokeo yakasomwa Los Angeles, timu mbili zikafungana: Kitkit School ya kampuni ya Enuma na onebillion ya Waingereza. Ile hela kubwa ya dola milioni 10 wakagawana nusu kwa nusu. Enuma ilianzishwa na Sooinn Lee, mama mmoja Mkorea ambaye kabla ya hapo kazi yake ilikuwa kubuni gemu. Hilo mimi halinishangazi hata kidogo. Mtu aliyezoea kumshika mchezaji asiondoke anajua kitu ambacho mtaalamu wa elimu peke yake hakijui: mtoto haondoki kwa sababu somo ni gumu, anaondoka kwa sababu hajui afanye nini sasa hivi, kwenye sekunde hii. Timu nyingine zilizofika fainali, Chimple ya India, RoboTutor ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon na CCI, nazo siyo za kubeza. Na mali yote hiyo ilitakiwa iwekwe wazi, mtu yeyote aichukue, aifungue, aone ilivyosukwa. Dogo wa Nyambureti anayejifunza programu ana darasa pale la mamilioni ya dola, anahitaji bando tu.

Ila tusipambe. Ile asilimia 90 na zaidi ya wasioweza kusoma neno ilishuka kwa nusu. Ni kazi kubwa, nawapigia saluti. Lakini maana yake pia kuna watoto kibao ambao baada ya miezi yote ile bado walikuwa wanakodolea neno macho. Halafu kuna kitu kinanikereketa. Mtoto wa Lushoto, hukohuko Tanga, nyumbani anaongea Kisambaa, kama wa kwetu anavyoongea Kingoreme au Kikuria. Ukimpima kwa Kiswahili, sehemu ya alama unampa kwa lugha ya nyumbani kwao na siyo kwa gemu aliyocheza. Dawa waliyotumia ndo ile ya kupima kupanda, siyo kupima kilele: ulikuwa wapi, sasa uko wapi. Hiyo naiiba. Gemu yoyote unayotaka kuipima, usiangalie nani kafika mbali. Angalia kila mchezaji kasogea kiasi gani tangu alipoishika.

Mnaniambia, wewe jamaa, sisi dola milioni 15 tunazitoa wapi, hata buku la bando tunakopa kwa mangi. Sawa. Lakini kwani ile akili inauzwa? Chukueni simu, mpeni mtu asiyemjua mtengenezaji, mtengenezaji azibe mdomo. Hiyo ni bure.

Tena kuna jambo ambalo huku tungelipima vizuri kuliko Los Angeles yoyote, nalo ni uzito. Simu ya dogo wa hapa ni Itel au Tecno ya kurithi, kioo kina ufa, memori imejaa video za mchiriku na za ng'ombe wa mnadani. Gemu ya mega mia tano haiingii, hata iwe imetengenezwa mbinguni. Wazungu wenyewe wameshaligeuza hili kuwa ligi. Kuna shindano la js13kGames, la Mpolandi Andrzej Mazur, lipo tangu 2012. Linaanza tarehe 13 mwezi wa nane na kufungwa tarehe 13 mwezi wa tisa, na gemu yako nzima ikishabanwa lazima ikae ndani ya kilobaiti 13. Siyo mega. Kilobaiti. Picha moja ya harusi uliyotumiwa WhatsApp inaimeza gemu kama hiyo mara kadhaa na inabaki na njaa. Na watu wanatengeneza gemu kamili humo: mbio, mafumbo, vita, na muziki juu. Ukizidisha hata baiti moja umepigwa chini, hakuna cha samahani. Sheria ya aina hiyo naipenda kwa sababu haina sura ya mtu. Mizani imesema, basi.

Sasa kwenye kigezo cha stori ya mtengenezaji, hapa najua nitagombana na watu. Kuna Lual Mayen, msela wa Sudan Kusini, alikulia kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mama yake alidunduliza hela miaka mitatu kumnunulia laptopu ya dola 300. Alikuwa anatembea saa tatu kwenda kuichaji, saa tatu kurudi. Akajifundisha mwenyewe, akatengeneza gemu inaitwa Salaam, unamwongoza mkimbizi anayekimbia na anayehitaji maji, chakula na dawa, na wazo lake ni kwamba ukinunua hivyo vitu ndani ya gemu, msaada wa kweli unaenda kambini. Mwaka 2018 akapewa heshima kwenye tuzo kubwa za The Game Awards kule Marekani. Mimi ukiniweka jaji, nikisikia hizo saa tatu za kutembea na chaji, nimeshalainika kabla sijagusa kitu. Ningempa 5 ya huruma.

Na hiyo ndo hatari yenyewe. Siyo kwake, yeye kakomaa na kazi yake inasimama. Hatari ni kwetu sisi tunaokuja nyuma. Ukishazoea kupewa alama kwa shida zako, unaacha kunoa gemu unaanza kunoa shida. Kila dogo wa Afrika anayepanda jukwaani anaanza na umaskini wa kijijini kwao, kama ndo nauli ya kuingilia. Kwenye tuzo ya heshima ya mtu, sawa, mpimeni mtu. Hapo walimtuza mtu, na walisema hivyo waziwazi. Ila kwenye ligi ya gemu, stori isomwe baada ya kura kufungwa. Majina yafichwe. Jaji asijue hii ni ya mtoto wa diwani au ya yatima, ya demu au ya mshikaji, ya Mugumu hapa kwetu au ya ng'ambo ya mpaka kule Isebania.

Basi tuseme tunaifanya hapa Nyambureti, kijiweni, siku isiyo ya mnada. Dogo mmoja kaleta gemu ya kufukuza tembo shambani. Hiyo siyo ndoto ya mbali, watu wa vijiji vinavyopakana na hifadhi ya Serengeti wanaujua huo mkesha: tochi, makopo, moshi wa pilipili, kelele mpaka alfajiri. Kwenye gemu una tochi moja, betri inapungua, tembo wanakuja kutoka pande tatu. Wazo kali. Jaji wa mjini angeandika hapo "inahusu mazingira na utalii," akampa alama za bure. Jaji wangu mimi ni mzee aliyewahi kukesha shambani. Mpe simu. Akisema "huyu tembo wenu anageuka haraka mno, tembo hageuki hivi," hiyo ni hukumu ya maana kuliko nyota zote, na dogo akiwa na akili anaiandika palepale. Halafu mpe dereva boda ambaye yuko kwenye jua la saa saba. Kama haoni kitu kwenye kioo, rangi zako umekosea, ulichora usiku ukiwa geto. Halafu mpe mtoto wa darasa la tatu asiyesoma vizuri. Kama anahitaji kusomewa maelekezo, maelekezo yamekuwa marefu.

Wakati wote huo mwenye gemu anakaa kwenye benchi la mbali, na kuna mtu wa kumbana asiseme "bonyeza hapo, hapana, hapo kushoto." Amini nakuambia, hiyo adhabu ni mbaya kuliko viboko. Kumwangalia mtu akihangaika na kitu ulichokikeshea, anabonyeza kila sehemu isipokuwa ile uliyotaka, na wewe umeuma meno. Lakini kila alichobonyeza ni taarifa. Anayeandika pembeni anaandika tatu tu: alikwama wapi, alicheka wapi, aliiacha saa ngapi.

Hiyo ya tatu ndo inataka akili nyingi, na ndo inayonipa wasiwasi. Wajanja watasema, rahisi tu, gemu iliyochezwa muda mrefu ndo mshindi. Acheni. Kwa kigezo hicho mshindi wa Mara nzima ni ile mashine ya dubwi iliyoko nyuma ya duka, inayomeza sarafu za wana. Hakuna gemu inayomshika mtu kama ile. Mtu anaingia na hela ya mafuta ya pikipiki, anatoka anasukuma pikipiki. Kama jopo lako linapima kung'ang'ania tu, umeandaa shindano la kutengeneza dubwi, na utazipata za kutosha, maana madogo wanafuata alama zilipo. Kwa hiyo mimi swali ninaloongeza ni moja, anaulizwa mchezaji akishaiweka simu chini: ungemwachia mdogo wako acheze hii? Watu wakiulizwa kuhusu wao wenyewe wanadanganya. Wakiulizwa kuhusu wadogo zao, wanafikiri kwanza. Na akisema hapana, gemu inakatwa hata kama amecheza masaa.

Zikifungana mbili, kama Tanga walivyofungana, sioni ubaya wa kugawana. Ila kabla ya hapo watengenezaji wabadilishane simu, kila mmoja acheze ya mwenzake mbele za watu. Mara nyingi wenyewe watakuambia nani kashinda, kwa jinsi tu mmoja atakavyogoma kuirudisha.

Zawadi? Kombe la plastiki tuwaachie watu wa mpira wa Ndondo Cup. Mshindi abebe lile daftari la aliyekuwa anaandika pembeni, na bando la mwezi la kurekebishia alichokosea. Hela ikibaki inunue pawabenki mbili kubwa zikae kijiweni, maana umeme ukikata saa moja jioni hakuna fainali, kuna stori tu, na stori ndo tumezikataa.